Sweta la Krijn Kwenye Mizani

Kama kuna kazi ya kumzeesha mtu kabla ya wakati wake, ni kupima mashua za mbio. Neeltje Haasnoot ameifanya ufukweni mwa mji wa Katwijk tangu watoto wake wakiwa wadogo, bila mshahara wala shukrani, na kila msimu ukifunguliwa huapa kwamba huu ndio wa mwisho.

Mashua zenyewe ni vidude vyepesi vya miili miwili, na juu yake wanapanda watu wawili. Sheria haina fumbo: wawili hao wakiwa wazito, wanatweka tanga kubwa la mbele, wakiwa wepesi, dogo. Lakini nani analitaka dogo? Watu wazima na akili zao, wenye wake na mikopo ya nyumba, hunywa maji chupa baada ya chupa asubuhi ya kupimwa, kisha husimama kwenye mizani wamebana miguu kama watoto wa chekechea. Neeltje huwaacha wasubiri mpaka wakimbilie chooni wenyewe.

Asubuhi ya kufungua msimu alikuwa ameshachoka mapema. Mmoja kaleta usukani usioruhusiwa, mwingine anabishia kamba. Ndipo akapanda mizani Krijn, mumewe, akiwa na sweta zito la sufu.

"Vua," alisema Neeltje.

"Baridi, Neel."

"Wenzako wote wamepanda na kaptura. Vua."

"Mheshimiwa mpimaji, mhurumie mzee," alisema Arjen, mkwe wao, ambaye ndiye mwenzake Krijn kwenye mashua. "Tunalitaka lile tanga kubwa."

"Wewe nyamaza, zamu yako inakuja."

Akalishika sweta ubavuni amvue mwenyewe, na mkono wake ukagonga kitu kigumu. Ulikuwa mkanda wa vipande vya madini ya risasi, ule wanaovaa wapiga mbizi ili wazame. Damu ilimpanda kichwani. Miaka yote anawafukuza watu kwa hila ndogo kuliko hiyo, kumbe mwizi anatoka nyumbani kwake. Akamburuta hadi nyuma ya banda la matanga, ambako hapakuwa na mtu.

"Unaniaibisha hivi kwa ajili ya kitambaa cha tanga?"

Krijn aliufungua mkanda ukaanguka mchangani. Kisha akavua sweta. Mbavu zilihesabika. Tangu Krismasi Krijn alikuwa akilala chumba cha watoto, eti anakoroma.

"Tanga analitaka Arjen," alisema Krijn. "Mimi sikutaka uuone uzito wangu."

"Umekwenda kwa daktari?"

"Januari. Na Machi tena. Hawana la kufanya."

"Na hukuniambia."

"Daktari ananisemesha kwa upole. Nesi naye kwa upole. Nikasema abaki japo mtu mmoja wa kunigombeza."

Neeltje aliliokota sweta, akalikung'uta mchanga, akamvisha kwa nguvu.

"Mpumbavu mkubwa wewe," alisema, machozi yakimtiririka. "Na huo mkanda umeutoa wapi? Na viazi vyangu ulivyokuwa unavibakiza, ukaniambia umeshakula kazini? Umenichosha, Krijn, umenichosha kabisa. Mtatweka tanga dogo. Na ole wenu mshindwe."