Kinanda cha Dongobesh Kilivyonipandisha Jukwaani

Sisi tuliokulia Dongobesh wakati nguo za mitumba zinaanza kujaa mnadani, tulikuwa watoto wa baridi. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka uani, nasi tukaenda shule pekupeku, kila mmoja na kuni zake kwapani na kidumu cha maji mkononi. Aliyechelewa alipokelewa na fimbo. Mchana tulicheza rede kwa mpira wa soksi mpaka jua likatukimbia. Jioni ni ugali na maziwa ya mgando, sahani moja watoto sita, na mama akisema, "Anayeongea hashibi." Watoto wa siku hizi wakiulizwa watakula nini, wanaanza kufikiria! Sisi nani alituuliza?

Kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kufagia kanisa. Nyuma ya mimbari palikuwa na piano ya mbao iliyoachwa na wamisionari waliokwisharudi kwao. Sisi tuliiita kinanda tu. Panya walikuwa wameingia ndani yake, na vibao vitatu vilikuwa bubu kabisa. Unabonyeza, havisemi kitu. Siku moja nikawa nadonoa kwa kidole kimoja, nikidhani niko peke yangu, kumbe Mwalimu Gwandu wa kwaya amesimama mlangoni. Niliruka. "Shikamoo mwalimu," nikasema, mikono nimeificha mgongoni kama mwizi wa mahindi.

"Marahaba. Mbona unaificha, imeiba nini?" akauliza. "Irudishe hapo. Na sasa tumia yote miwili."

Alinifundisha kusoma nota kwa miaka mitano. Tulipofika kwenye kibao bubu, aliniambia, "Hapo imba wewe." Basi nikawa napiga na kuimba, napiga na kuimba. Tukafika hadi kwenye muziki wa Wajerumani waliokufa kabla bibi wa bibi yangu hajazaliwa. Wenzangu walichungulia dirishani wakicheka, "Theresia anapiga wimbo usiochezeka!"

Baba yangu, mfugaji, hakucheka. "Kinanda hakikamuliwi," alisema. Nilipomaliza darasa la saba alikuwa ameshaamua niende Basotu kwa shangazi, nikasaidie shamba na ng'ombe. Kanisani nako mambo yaligeuka. Soko huria lilileta vinanda vya betri vyenye ngoma ndani yake, kila kwaya ikataka kurekodi kanda, na wazee wa kanisa wakasema lile sanduku bovu litolewe lipasuliwe mbao.

Ndipo Mwalimu Gwandu akaja nyumbani na barua. Arusha kulikuwa na mashindano ya vijana wapiga piano, na mshindi angesomeshwa muziki. Alikaa na baba uani mpaka birika la chai likaisha. Mwishowe baba akaniita.

"Nenda. Ukishinda, nimenyamaza. Ukishindwa ni Basotu, na habari za kinanda nisizisikie tena humu ndani."

"Ndiyo, baba."

Huko Arusha niliwakuta watoto wenye viatu vya kung'aa, wengine wana piano sebuleni kwao. Mimi nilivaa gauni la mtumba ambalo mama alilikunja pindo mara mbili. Nikaketi. Nikapiga. Nilipofika mahali pa kibao bubu, nikaimba kwa sauti kama nilivyozoea, na kibao cha pale kikalia pamoja nami! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwamuzi mkuu, mama mmoja mwenye mvi, akainua mkono.

"Binti, mbona unaimba?"

"Kinanda chetu kina vibao vitatu bubu, mama. Mwalimu alisema hapo niimbe mimi."

Kicheko kikakatika. Yule mama akavua miwani. "Anza upya. Hiki ni kizima. Kiache kiimbe chenyewe."

Nikaanza upya. Kwa mara ya kwanza maishani nikausikia wimbo ule ukiwa kamili, na ulikuwa unatoka kwenye vidole vyangu mimi. Machozi yalinitoka lakini mikono haikukosea. Nilipomaliza, walewale walionicheka walikuwa wamesimama wanapiga makofi. Nilishinda. Mwalimu Gwandu, aliyenisindikiza, akaja mbele. Akanipa mikono yote miwili, kama mtu mzima na mwenzake.

Nilisoma. Nikapiga Dar es Salaam, Nairobi, kisha Ulaya, katika kumbi ambazo hata vumbi huogopa kuingia. Lakini onyesho ninalojivunia kuliko yote nililifanya nyumbani, tulipokwisha kuambiwa kwamba sisi si watu wa mkoa wa Arusha tena, ni wa Manyara. Nilikuja na fundi, akakitengeneza kinanda chetu, ambacho wazee hawakuthubutu tena kukipasua baada ya ushindi wangu. Watu walitoka Haydom na Basotu, wafugaji na shuka zao wakabanana benchi moja na wanakwaya. Nilipiga saa nzima, hata watoto wa mgongoni hawakulia. Nilipoinuka, baba alisimama na fimbo yake, akawageukia watu.

"Huyu ni wangu," alisema. "Nilimzuia, akanishinda. Mungu ashukuriwe."

Vigelegele vilivyofuata, nilidhani bati litang'oka.

Siku hizi nikipiga, vijana wananitazama kupitia simu zao. Mtoto wa kaka yangu alijifunza piano kwenye simu hiyohiyo, siku ya tatu akaniambia, "Shangazi, nyimbo zako ni ndefu mno," akahamia gitaa. Simlaumu, dunia yake ina milango mingi, yetu ilikuwa na mmoja. Baba amelala ardhini sasa, na Mwalimu Gwandu pia. Makofi bado ninayapata, na ninayapenda, sidanganyi. Ila sijaona tena watu wakisikiliza kama siku ile kanisani kwetu: mikono mapajani, midomo wazi, hakuna anayejua wimbo utaishaje, na hakuna anayetaka uishe.