Huenda ya Nusu Debe

Juzi hapa Nakuru, kwenye foleni ya mashine ya unga, jirani yangu alikuwa amekumbatia debe la mahindi yake ya mwisho. Hakujua asage au apande. Nyuma yetu akaja kijana wa kituo kimoja cha chuo kikuu kinachotabiri hali ya hewa.

"Kijana, mvua inakuja?" jirani akamuuliza.

"Huenda, mama."

"Hiyo huenda nitawapikia watoto?"

Kijana akavua kofia, akaizungusha mikononi. "Hata mama yangu ameniuliza. Sijamjibu."

Jirani akasaga nusu, nusu akabaki nayo ya kupanda.

Njiani tulimcheka kijana na chuo chake, huku tukitazama juu kila hatua. Lakini nusu debe ni nini, kama si huenda yetu sisi?