Presha Yangu na Miguu ya Sista Nekesa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na saba, nilimfokea mwanamke ambaye nimemshukuru maisha yangu yote. Aliitwa Sista Nekesa, muuguzi katika kliniki ndogo karibu na Adams Arcade. Mimi nilikuwa fundi wa mashine ya kuchapisha pale River Road, na nilikuwa nimepata kazi nzuri zaidi kwingine. Kilichobaki kilikuwa fomu ya afya tu.

Sista alinipima presha nimekaa, akasema imezidi kidogo. Akanilaza, akapima tena. Kisha akanisimamisha, akasubiri kidogo, akapima mara ya tatu.

"Watu wengi wakisimama, presha hushuka kidogo ama inabaki palepale," akasema. "Yako inapanda. Na wewe bado kijana. Hii lazima tuifuatilie. Baba yako ana afya?"

"Sista, mimi niko fiti. Niandikie tu niende."

"Nitaandika nilichoona."

Nikamfokea kwamba anatafuta ugonjwa mahali haupo. Nikanyakua fomu yangu, nikatoka. Huko River Road nikapata kliniki nyingine, wakanipima juu ya shati, wakaandika mzima. Nikajiona mjanja sana.

Wiki iliyofuata, mashine zikinguruma, nikamwona Sista mlangoni, viatu vimejaa vumbi. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Kule kliniki nilikuwa nimemtajia tu kwamba nachapisha kadi za harusi River Road, basi alikuwa ametembea duka kwa duka akiniulizia. Nilitamani kujificha.

Hakunigombeza. Alinivuta kando kwenye stoo ya karatasi, akaniuliza swali nililolikwepa kule kliniki.

"Baba yako anaendeleaje?"

Baba alikuwa nyumbani Mutuini, kitini kutwa. Kiharusi kilikuwa kimechukua mkono wake wa kulia na maneno yake kabla hajafika miaka hamsini. Nikamwambia yote.

"Alipokuwa kijana kama wewe, kuna mtu alimpima?"

"Hakuna."

"Wewe umepimwa," akasema kwa upole, akatoa kipimo chake mkobani.

Mwanangu, nililia mle stoo, mtu mzima na ndevu zangu. Fomu ya uongo niliichana, nikapeleka nyingine aliyonijazia Sista. Mwajiri mpya aliisoma, akauliza tu nitaanza lini. Nikapunguza chumvi, nikaacha pombe, nikawa natembea, na kila mwezi nikarudi kupimwa nimelala na nimesimama. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoanzishiwa dawa, na nazimeza bila kukosa. Leo nimeupita umri ule uliomwangusha baba, na shamba langu nalima mwenyewe. Sista alistaafu akarudi kwao Webuye, na sijaona tena mtu wa kuacha mapumziko yake kwa ajili ya kijana aliyemfokea.

Basi nisikilize. Usingoje kuumwa ndipo upimwe, maana mimi sikuwa naumwa popote. Ukiambiwa presha imezidi kidogo, usilidharau hilo neno "kidogo". Uliza inakuwaje ukisimama, na urudi tena ulivyoagizwa. Historia ya nyumbani kwenu mwambie muuguzi bila aibu. Na anayekuambia ukweli usioutaka, mheshimu.

Mungu akupe umri mrefu na mwili wenye nguvu, na siku utakayokimbia msaada, akutumie mtu asiyechoka kukutafuta.