Bibi wa mtoto ninayemlea hataki nimuasili, na uhamisho wangu umetoka

Habari zenu humu. Admin, nifichie jina tafadhali, maana Kigoma ni mji mdogo na wanaonifahamu wanasoma huu ukurasa. Nina miaka 41, kwetu ni Njombe, nafanya kazi maabara ya kituo kimoja cha afya na nimepanga mtaa wa Buzebazeba. Sijaolewa. Kizazi kilitolewa kwa sababu ya uvimbe, kwa hiyo wa kuniambia "utazaa tu dada, muombe Mungu" naomba apite kimya.

Hapa mtu yeyote mwenye koti jeupe ni dokta. Miaka yote mtaani nimeitwa Dokta, nikasalimiwa kwa heshima, na hakuna aliyewahi kuniuliza nimekula nini. Sikukuu nilikuwa nafunga mlango na kufungulia redio ili majirani wadhani nina wageni. Nilikuwa mpweke jamani, nisiwafiche.

Mwaka jana nikaomba mtoto kupitia ustawi wa jamii. Utaratibu ni kwamba unamlea kwanza, malezi ya kambo, baadaye ndiyo mahakama inakuruhusu kumuasili awe wako kisheria. Walinikagua mpaka chooni. Nikapewa binti wa miaka sita kutoka kituo cha watoto, tumwite Zawadi. Mama yake alifariki, na ndugu tuliambiwa hawajulikani. Hakuwa na maneno. Anakula, anaosha sahani yake, anakaa karibu na mlango. Nilijifunza kupika samaki wa migebuka kwa mawese kwa ajili yake, mimi mtu wa viazi. Mtaani wakaanza kuniita Mama Zawadi, na siku ya kwanza kulisikia jina hilo gengeni nilisahau nilichofuata. Ila mwenyewe ndani ya nyumba ananiita Dokta mpaka leo.

Tukiwa tunajiandaa kwenda mahakamani, afisa ustawi akanipigia: bibi mzaa mama amepatikana, anaishi kijiji cha Kalinzi, huko milimani. Alipomzika binti yake alimwachia jirani mjukuu, na jirani akampeleka kituoni bila kusema kwao ni wapi. Akaja na bodaboda, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma. Zawadi alimrukia. Wakaanza kuongea Kiha, mtoto anacheka, anasimulia, mikono inaruka. Mimi nimekaa kwenye kochi langu mwenyewe natabasamu tu, sielewi hata neno. Niliona wivu, na najua ni aibu kumwonea wivu bibi kizee.

Bibi hakuwa na ubaya. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, asante kunilelea. Mimi miguu imekwisha, siwezi kumchukua. Mlee. Lakini kwa hakimu sitakubali. Mama yake ni binti yangu, kaburi lake liko pale nyuma ya nyumba. Nikisema huyu ni wako kabisa, yule nitamwambia nini?"

Nilimsindikiza mpaka kwenye bodaboda.

Sasa huo uhamisho. Kwa miaka nimetafuta mtumishi wa kubadilishana naye kituo cha kazi, nirudi Njombe kwa mama yangu ambaye sasa haoni vizuri na anaishi peke yake. Mtumishi huyo amepatikana, na vibali vimetoka. Afisa ustawi amesema bila mahakama mtoto haondoki mkoani. Mwenzangu kazini ananiambia, "Panda naye basi uende zako, nani atawafuata huko?" Kuna siku nimeliwaza kweli. Halafu namuona yule bibi anateremka na ndizi zake, anakuta mlango una kufuli.

Wiki iliyopita mama alipiga simu, nikamwambia, "Nakuja mama, vibali vimetoka." Nilipomaliza nikaingia chumbani. Nikamkuta Zawadi amekaa kitandani, amevaa viatu vyake vya Jumapili, nguo zote kazikunja ndani ya begi la shule. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Nakungoja unirudishe kwenye kituo, Dokta. Sahani nimeshaosha."

Nilimwambia avue viatu, leo hatuendi popote. Alivua. Lakini nguo hajazitoa kwenye begi mpaka sasa, kila asubuhi anachomoa ya kuvaa na kufunga zipu, na mimi sithubutu kumwambia azitoe kabla sijajua nitamwahidi nini.

Ninyi mliolea watoto wasio wa tumbo lenu, na ninyi mlioacha wazazi mbali, niambieni bila kunionea haya: niende kwa mama, au nibaki na mtoto ambaye huenda asiitwe wangu maisha yake yote? Ningekuwa dada yenu, mngenishauri nifanye nini?