Jeraha Juu ya Nyusi ya Dada

Dada yangu aliingia karakanani kwangu asubuhi moja akiwa na plasta juu ya nyusi ya kulia, akaniambia amejigonga kwenye mlango wa kabati.

Nikamwangalia. Yeye akaangalia pembeni.

Jamani, nani asiyelijua hilo kabati? Wanawake wangapi wameligonga?

Nikaibandua plasta taratibu. Chini yake kulikuwa na mkato uliopinda, umeshonwa nyuzi tano, na jicho limevimba hata halifunguki vizuri. Nikawaza ile pete nene ya ndoa aliyoivaa shemeji.

Niwaeleze kidogo. Mimi ni fundi bunduki mwenye leseni, kazi niliyorithi kwa marehemu baba. Shemeji ni mlinzi wa kampuni ya mashamba. Kazi yake ni kufukuza nyati wanaovamia mazao, na wakikataa kufukuzika, awapige risasi. Kazi hiyo ndiyo iliyowapa nyumba anayoishi na dada na watoto wao wawili.

Wiki tatu kabla ya plasta, walikuja wote wawili ili nimfungie shemeji darubini kwenye bunduki.

Sasa bunduki ya nyati si mchezo. Ukifyatua, inarudi nyuma na kukupiga teke la bega mpaka meno yagongane. Nikamshauri achukue darubini fupi, ya kukuza kidogo. Nyati unampiga akiwa karibu, na darubini ile inakuruhusu kuweka jicho mbali nayo. Yeye akang'ang'ania ile kubwa, inayovuta kitu mara kumi na mbili. Tukabishana weee, mwisho nikanyoosha mikono. Shemeji ni shemeji.

Nikafuta mafuta kwenye matundu ya skrubu, nikatia gundi, nikaikalisha darubini kwenye vikamatio vyake, vile vyuma viwili vinavyoishika juu ya bunduki. Kisha nikamwambia afumbe macho, aweke bunduki begani, shavu juu ya kitako, halafu afumbue. Hapo ndipo tunapopima. Kati ya jicho na ukingo wa darubini vipite vidole vinne, ili bunduki ikirudi isikufuate usoni.

"Naona giza," akasema. "Irudishe nyuma."

Nikairudisha.

"Bado. Nyuma tena."

Vikabaki vidole vitatu. Kisha viwili na nusu. Nilimwonya mara moja tu, akanijibu kwamba bega lake linaijua kazi. Dada alikuwa amekaa kwenye stuli, kimya kabisa. Nikakaza skrubu.

Basi, baada ya kuiona ile plasta niliitisha kikao. Mama alikuwepo, mjomba alikuwepo, na shemeji akaitwa. Mimi ndiye niliyesimama kusema, na nilisema haswa. Nilimwita mnyama mbele ya mama mkwe wake.

Mjomba akamuuliza shemeji kama ni kweli amempiga mkewe. Dada akafungua mdomo, lakini shemeji akamuwahi.

"Ni kweli. Nilimpiga."

Mama akainuka pale pale, akamchukua dada na watoto, akawarudisha kwake. Mimi nikatembea kifua mbele siku tatu nzima.

Siku ya nne dereva wa kampuni akaniletea ile bunduki. Alisema risasi zinakwenda pembeni, huenda darubini imelegea.

Nikaiweka mezani, nikawasha taa. Kwenye ukingo wa nyuma wa darubini kulikuwa na damu iliyokauka, na unywele mmoja mfupi wa nyusi umenasa humo.

Nikachukua karatasi, nikauchora ule ukingo kwa penseli. Nikatazama jinsi mstari ulivyopinda. Lilikuwa jeraha la dada, vile vile.

Nilimkuta kwa mama, anakunja nguo za watoto.

"Dada, nani alikuwa ameshika bunduki?"

Akamaliza kukunja shati moja. "Mimi."

Akanisimulia yote. Jicho la kulia la shemeji lilikuwa limekufa tangu mwaka uliopita, na la kushoto lilikuwa njiani. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwishapotea hakirudi. Lile giza aliloliona karakanani lilikuwa la jicho lake, si la darubini. Tangu hapo shemeji anafuata nyayo, na dada anafyatua, amevaa koti la mumewe. Baba alitufundisha sote wawili kulenga shabaha, na niseme ukweli, dada ananishinda. Pale karakanani alinyamaza kwa sababu angeomba kupimwa yeye, ningeishtukia siri yao.

Nikamuuliza kwa nini basi shemeji alikubali kosa ambalo si lake.

"Mpiga mke hafukuzwi kazi, mdogo wangu. Kipofu anafukuzwa."

Yeye akaniomba niifunge darubini upya, safari hii nimpime yeye, ili arudi kwa mumewe waendelee.

Wakati natoka, mama akanishika mkono mlangoni. Akaniambia tangu baba afariki hajawahi kujivunia mtoto kama alivyojivunia mimi siku ya kikao. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilikaa na siri hiyo siku mbili. Nikinyamaza, shemeji anabaki mnyama machoni pa watu na dada anarudi mbele ya nyati. Nikisema, wanapoteza nyumba.

Nikasema yote, hata habari ya macho ya shemeji. Watu wale wale, sebule ile ile. Nikawaambia aliyemkata dada ni mimi, kwa vidole viwili na nusu. Mama alilia mpaka kanga ikalowa. Lakini mjomba wangu mdomo wake hauna mfuniko, na wiki haikuisha kampuni ikawa imepata habari.

Sasa wanaishi vyumba viwili nyuma ya karakana yangu. Kuna siku dada ananiambia nimeliokoa jicho lake. Kuna siku ananiambia nimemvunjia nyumba. Zote ni kweli.

Juzi nilimwomba shemeji msamaha kwa mara nyingine, kwa ajili ya kazi yake. Akageuza uso kuelekea sauti yangu.

"Kazi ningeipoteza tu," akasema. "Lakini umekula mezani kwangu miaka tisa, ukaamini kwa dakika moja."



Wewe unayesoma hapa, kitu atakachotumia mtu, mpime yeye mwenyewe, usimpime anayeongea kwa niaba yake. Na ukimwona dada yako na jeraha, kaa naye umuulize mpaka aseme, ndipo uitishe kikao. Mimi nilianza na kikao, kwa sababu nilitaka kuonekana namtetea.