Nani Alipandaka Jakaranda ya Shituru

Bandugu ba serkle yetu ya pombe, somene hii karatasi mbele ya kunywa. Leo mudomo yangu imeniuzishia muti.

Ni ile jakaranda ya kwetu Shituru. Mucuruzi moja anataka kuikata ajenge depo ya bunga. Bamoja banasema depo itatusaidia, bengine banasema kivuli ni yetu bote. Leo asubuyi, kisha kumaliza salongo, ile kazi ya bote ya kusafisha mutaa, shefu wa kartiye, mukubwa wa mutaa wetu, akauliza:

"Nani alipandaka huu muti?"

Munanijua. Minye ninyamaze?

"Ni minye, Shefu! Nilichimba shimo na mikono mitupu. Radi ilikuya kunipiga, ikaniona, ikarudia kwao!"

Bantu bakacheka. Mucuruzi akapiga makofi. Nilisikia muzuri, siwadanganyi.

Shefu akasema: "Basi. Kama mwenye kupanda angekuwa marehemu, tungeacha muti, ukumbusho yake. Lakini weye uko muzima, uko na nguvu. Utapanda ingine. Huu tunakata kesho."

Nikainua mukono: "Shefu, nilidanganya!"

Mwenye kupanda ni muke wangu, marehemu Ngalula, mwaka tulipewa nyumba ya kampani. Kila siku aliumwangiaka maji ya kusafishia vyombo. Nikasema vile mbele yao bote.

Bakacheka zaidi: "Kaka, hata marehemu unamutia mu hadisi zako!"

Nimerudia nyumbani. Naiona jakaranda kwa dirisha, na hakuna mutu wa kuiangalia naye.

Kama moja wenu alimuonaka Ngalula pale na ndoo yake, aende kwa shefu mbele ya kesho asubuyi. Yeye ndiyo aseme.

Minye nitanyamaza.