Wavu wa Goli la Kakuma

Waandaaji walisema kila timu ije fainali na wavu wake wa goli, la sivyo isicheze. Mimi ndiye golikipa, na mdomo wangu ukanitangulia kama kawaida: nikawaambia wenzangu habari ya wavu waniachie mimi.

Nikaingia kwa kaka yangu hapo Lodwar. Ni mvuvi, na wiki hiyo alikuwa ziwani. Chini ya kitanda nikakuta gunia, na ndani yake wavu mpya wa kijani, mwembamba, safi kabisa. Nilirukaruka chumbani peke yangu! Mimi ni mtu wa mpira na mbuzi. Samaki nawajua wakiwa kwenye sahani. Wavu ni wavu, nikasema, nikaubeba.

Siku ya fainali tulipanda lori kwenda Kakuma, tukiimba mpaka sauti zikakauka. Mashabiki walifuata kwa lori lingine, wakiwemo wazee wawili wa kamati ya ufuo, wale wanaokagua nyavu na kutoa ruhusa ya kuvua. Wapinzani wetu walikuwa wasichana wa kambi ya wakimbizi, wengi Wakongo, na jamani, wanajua mpira.

Kipindi cha kwanza nililinda goli lenye wavu wetu. Kwenye kona moja, kapteni wao, aliyekulia kando ya ziwa huko kwao, alijaribu kupitisha kidole kwenye tundu la wavu. Kidole kikagoma.

"Dada," akaniambia, "hii wavu inakamata mpaka batoto."

Nilihisi baridi na jua lote lile. Nyavu za namna hiyo ndizo kaka alikuwa akizilaani kila siku. Alituambia kuna watu wanaokokota nyavu haramu kwenye maji mafupi na kumaliza samaki wachanga, mpaka karibu na ufuo hakuna kitu, na mvuvi mwenye adabu zake analazimika kwenda mbali, kaskazini ya Lowarengak, kwa watu wenye bunduki. Huko ndiko walikomnyang'anya mashua mwaka juzi, akaponea kwa kuogelea. Mama aliuza karibu mbuzi wake wote ili apate nyingine. Tulilia naye. Kumbe!

Mapumziko yakafika, na nani huyo anashuka kwenye bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope? Kaka! Hajawahi kuja kunitazama nikicheza hata siku moja, na kwa dakika nzima mimi mjinga nilifurahi. Hakunisalimia hata ejok. Alikuwa amerudi kutoka ziwani, akakuta gunia tupu. Aliuliza kama wazee wa kamati wameuona wavu, kwa sababu wakiuona ruhusa yake imekwenda. Nikamwambia bado, wako upande ule wa kivuli. Akataka kuufungua papo hapo. Nikamwambia aguse aone. Akasema siku hizi kila mtu anatumia nyavu hizo, akiacha yeye atakula nini? Hapo hasira zikanipanda.

"Waliokufukuza kwenda kule kwenye bunduki si watu wengine tu," nikamwambia. "Ni wewe pia."

Alinipa mgongo, akaenda kusimama nyuma ya goli lenye ule wavu.

Kipindi cha pili tulibadilishana upande, nami nikawa mbali na ule wavu. Sufuri kwa sufuri, dakika za mwisho, kucha zote nimezimaliza. Winga wetu akaachia shuti! Nikaona mpira unakwenda, unakwenda, halafu unadunda mchangani nyuma ya goli. Sisi tunashangilia, wao wanasema umepita nje. Refa akakuta wavu umening'inia wazi upande mmoja, akakiri hajui. Nilikimbia uwanja mzima na glavu zangu, natukana njia nzima, Mungu anisamehe.

Nilipofika nikaelewa. Kaka alikuwa ameanza kuufungua kidogokidogo, ili filimbi ikilia atoweke nao, na mpira ulipita pale alipofungua. Yeye peke yake ndiye aliyeona. Wazee wa kamati nao walikuwa wameshafika, macho yao kwenye wavu. Angenyamaza, ungekuwa wavu wa timu tu, hauna mwenyewe. Aliniangalia. Nami, nisiyejua kunyamaza, nikanyamaza.

"Umeingia," akamwambia refa. "Ni mimi niliyefungua hapa. Wavu ni wangu."

Uwanja ulilipuka! Nilibebwa, nikaangushwa, nikabebwa tena. Kaka alikuwa akiwasaidia wazee kuukunja wavu. Waliuchoma, wakamnyima ruhusa msimu mzima, na Mama hakuongea naye wiki mbili.

Sasa anavua tena, kwa wavu ambao vidole vyangu vitatu vinapita kwenye tundu lake, na mechi zetu hazimpiti. Juzi tulicheza Lokichoggio, magoli hayana nyavu, mpira ukapita karibu na mlingoti na kelele zikaanza. Refa hakumsikiliza mchezaji yeyote. Alimwita kaka yangu kutoka nyuma ya goli, akamwuliza yeye. Kaka akasema haukuingia, na goli lingekuwa letu. Nilimgombeza kutoka huko mpaka Lodwar, huku nimemshika mkono.